Siasa za Ndani na Sera ya Ulinzi wa Taifa: Ushahidi kutoka Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna siasa za ndani ya nchi zinavyounda sera ya ulinzi na sura ya jeshi la taifa. Mfano unaotumika ni Tanzania, na ndani ya Tanzania tumechagua Ifakara na bonde la Kilombero, eneo ambalo halipakani na nchi yoyote ya kigeni. Hoja kuu ni kwamba adui wa nje huweza kuilazimisha nchi ijilinde, lakini hawezi kuamua ni nani atakayeilinda, kwa muundo gani, na kwa gharama ya nani. Maamuzi hayo hutokana na siasa za ndani. Makala yanaonyesha pia kuwa msamiati wa ulinzi katika Kiswahili, hususan maneno askari, mwananchi, mgambo na operesheni, umehifadhi kumbukumbu ya maamuzi hayo.

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara hupita Kidatu, Mang'ula na Kiberege, huku safu ya milima ya Udzungwa ikiwa mkono wake wa kulia na nyanda za miwa na mpunga zikiwa mkono wa kushoto. Akiendelea mbele ya Ifakara kuelekea kusini-magharibi atafika Mbingu, Chita, na hatimaye Mlimba. Katika safari yote hiyo hatakutana na mpaka wa nchi. Hata hivyo, atakuwa amefuatana kwa muda mrefu na reli iliyojengwa ili nchi jirani isilazimike kutegemea njia za utawala wa makaburu na walowezi. Chita atakuta kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kilichozungukwa na mashamba ya mpunga. Na ng'ambo ya Mto Kilombero, katika nyanda za juu za Mahenge, ndipo lilipokuwa boma la Kijerumani lililoshambuliwa na wananchi mwaka 1905.

Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini bonde lililo mbali na mipaka ya nchi liwe na alama nyingi kiasi hiki za historia ya ulinzi? Iwapo sera ya ulinzi ni suala la mipaka na maadui tu, tungetarajia alama hizo zionekane Kagera, Mtwara au Ruvuma, wala si kwenye mashamba ya mpunga ya Wandamba, Wambunga na Wapogoro. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Tutaanza kwa kueleza kwa ufupi mitazamo miwili kuhusu chanzo cha sera ya ulinzi, kisha tutafuata historia kwa awamu zake, na mwisho tutatazama hali iliyofuata baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992.

2.0 Mitazamo miwili kuhusu chanzo cha sera ya ulinzi

Mtazamo wa kwanza, ambao ndio uliozoeleka, hudai kwamba sera ya ulinzi hutokana na tishio la nje. Nchi hupima nguvu za majirani zake, hukadiria hatari, kisha huunda jeshi linalolingana na hatari hiyo. Kwa mtazamo huu jeshi ni kama ukuta: urefu wake hutegemea urefu wa ngazi ya mwizi.

Mtazamo wa pili hauikani hatari ya nje, bali huuliza nani ndani ya nchi ana uwezo wa kusema kwamba jambo fulani ni hatari, na nani hunufaika au huumia kwa hatua zinazochukuliwa. Samuel Huntington, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu askari na dola, alitofautisha njia mbili ambazo raia huzitumia kulidhibiti jeshi. Katika njia ya kwanza, jeshi huachwa liwe taaluma inayojitegemea, mbali na siasa, nalo huitii serikali yoyote iliyo halali. Katika njia ya pili, jeshi hufungamanishwa na kundi la kijamii, tabaka au chama kinachotawala, kiasi kwamba askari na mtawala huwa na imani moja. Huntington mwenyewe aliipendelea njia ya kwanza. Tanzania, kwa sababu tutakazoziona, iliichagua ya pili kwa karibu miaka thelathini.

Njia nzuri ya kuipima mitazamo hii ni kutafuta nchi zilizokuwa na urithi mmoja wa kijeshi zikakumbwa na msukosuko mmoja kwa wakati mmoja. Kama mtazamo wa kwanza unatosha, nchi hizo zingetoa majibu yanayofanana. Afrika Mashariki ilitupatia jaribio la namna hiyo mwezi Januari 1964. Lakini kabla ya kufika huko hatuna budi kuutazama urithi wenyewe.

3.0 Urithi wa kikoloni: askari asiye mwananchi

Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga walilishambulia boma la Mahenge. Walikabiliwa na bunduki za rashasha, na wengi waliuawa. Jambo linalotuhusu hapa si ushujaa wao peke yake, ingawa ulikuwa mkubwa, bali ni muundo wa jeshi walilokabiliana nalo. Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini waliobeba bunduki wengi wao walikuwa Waafrika waliolipwa mshahara. Katika ukandamizaji uliofuata, jeshi hilo lilichoma vijiji na kuharibu chakula, na njaa iliyotokea kusini mwa nchi iliua watu wengi kuliko risasi.

Neno askari lenyewe lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni mwanajeshi tu. Katika kipindi hiki lilipata kivuli kingine: askari alikuwa mtu wa boma. Neno afande, ambalo lina asili ya Kituruki na linaaminika kuwa liliingia kupitia askari waliotoka Misri na Sudan, linathibitisha kwamba hata namna ya kumwamkia mkubwa jeshini ilitoka nje ya jamii iliyotawaliwa. Jeshi la kikoloni halikuundwa kwa ajili ya kumzuia adui wa nje asiwadhuru Wapogoro. Liliundwa kwa ajili ya kuwazuia Wapogoro wasiidhuru serikali. Hiyo ndiyo iliyokuwa siasa ya ndani ya koloni, na sera ya ulinzi iliifuata.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walibadili sare na lugha ya amri, lakini msingi haukubadilika. Kikosi cha Keya, yaani King's African Rifles, kiliendelea kuwa na maofisa Waingereza na askari Waafrika. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, kikosi hicho kilipewa jina la Tanganyika Rifles. Jina hilo halikutafsiriwa kwa Kiswahili, na pengine hilo si jambo dogo. Nchi ilikuwa na bendera mpya na wimbo mpya wa taifa, lakini jeshi lilibaki na mfumo wa zamani na kwa sehemu kubwa maofisa wa zamani.

4.0 Maasi ya 1964: msukosuko mmoja, majibu matatu

Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, jijini Dar es Salaam, waliasi. Siku iliyofuata wenzao wa Tabora waliwafuata. Madai yao yalikuwa mawili: nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda kuzungumza nao. Tarehe 25 Januari Serikali, kwa shingo upande, iliomba msaada wa Uingereza, na makomando kutoka manowari Centaur waliwanyang'anya waasi silaha. Kwa Rais Julius Nyerere jambo hili lilikuwa fedheha ambayo hakuificha: taifa huru lilikuwa limemwita mkoloni wa jana aliokoe na jeshi lake lenyewe.

Katika wiki hiyohiyo askari wa Uganda waliasi Jinja na wale wa Kenya waliasi Lanet. Majeshi yote matatu yalitokana na Keya, na malalamiko ya askari yalifanana. Lakini majibu yalitofautiana sana. Uganda iliyakubali madai ya nyongeza ya mshahara, na jeshi likabaki na muundo wake. Milton Obote, aliyekuwa na upinzani mkali ndani ya nchi, alizidi kulitegemea. Mwaka 1966 alilituma kuivamia ikulu ya Kabaka huko Mengo, na tarehe 25 Januari 1971 jeshi hilohilo, chini ya Idi Amin, lilimpindua. Kenya iliwapeleka viongozi wa maasi katika mahakama ya kijeshi na kuendeleza ushirikiano wa karibu wa kijeshi na Uingereza, jambo lililolingana na siasa ya serikali ya Jomo Kenyatta na mahitaji yake katika mgogoro wa kaskazini-mashariki.

Tanganyika ililivunja jeshi lote. Jeshi jipya liliandikisha vijana kupitia Umoja wa Vijana wa TANU, na tarehe 1 Septemba 1964 lilizaliwa rasmi likiitwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), chini ya uongozi wa Mirisho Sarakikya. Askari waliruhusiwa, na kwa hakika walihimizwa, kuwa wanachama wa TANU, na elimu ya siasa iliingizwa makambini. Mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja kisheria.

Uchaguzi wa neno wananchi unastahili kuzingatiwa. Mwananchi ni mwana wa nchi. Kuliita jeshi kwa jina hilo kulikuwa tamko kwamba ule ukuta wa boma kati ya askari na mwanakijiji ulikuwa umebomolewa. Lakini jina lilibeba pia sharti ambalo halikuandikwa: kwa kuwa vijana wa chama ndio walioingia kwanza jeshini, mwananchi kamili alikuwa mwananchi aliye ndani ya chama.

Siasa za ndani ziliamua pia marafiki wa kijeshi. Muungano na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964 ulileta tatizo la ubalozi wa Ujerumani Mashariki, ambao Zanzibar ilikuwa imeukaribisha. Tanzania ilipouruhusu ubaki katika ngazi ya ubalozi mdogo, Ujerumani Magharibi iliondoa mwaka 1965 msaada wake wa mafunzo ya anga na majini. Nyerere alijibu kwa kuitaka iondoe na misaada mingine. Kanada ilichukua nafasi ya mkufunzi hadi 1970, na baada yake China ikawa mshirika mkuu. Hapa hapakuwa na adui aliyevuka mpaka. Jambo la ndani, yaani kuulinda Muungano mchanga, ndilo lililobadilisha asili ya silaha na wakufunzi.

5.0 Jembe na bunduki: maana ya Chita

JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, yaani kabla ya maasi na kabla ya JWTZ. Lilitokana na wazo la vijana wa TANU, na mwanzoni lilipata msaada wa Israel, ambayo ilikuwa na uzoefu wa vijana wanaolima na kulinda kwa wakati mmoja. Lengo lake halikuwa kupambana na adui wa nje hasa. Lilikusudiwa kuwakusanya vijana wa makabila na dini zote, kuwafundisha nidhamu, na kuwafanya wajione kuwa watu wa taifa moja.

Mwaka 1966 Serikali ilifanya huduma hiyo kuwa ya lazima kwa wahitimu wa vyuo na elimu ya juu, ambao sehemu kubwa ya mishahara yao ingekatwa kwa kipindi cha utumishi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Nyerere alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa. Ni nadra kuona kwa uwazi kiasi hiki jinsi suala la utumishi wa kijeshi linavyoweza kuwa mjadala wa kitabaka: nani anaidai nchi, na nchi inamdai nani? Kwa Serikali, msomi aliyekataa kwenda kambini alikuwa akikataa kulipa deni kwa mkulima aliyemsomesha.

Kambi ya Chita ni tokeo la fikra hiyo. Iko chini ya miteremko ya Udzungwa, karibu na reli, katika udongo unaofaa mpunga kwa kuwa mto hufurika na kuurutubisha kila masika. Mtu anayeipima kambi hii kwa mtazamo wa tishio la nje atashindwa kuieleza, maana haimkabili jirani yeyote. Akiipima kwa siasa ya kujitegemea ataielewa mara moja. Jeshi lisilozalisha, katika nchi ya wakulima maskini, lingeonekana kuwa kupe juu ya mgongo wa mwananchi. Ndiyo maana kuruta alipewa jembe na bunduki pamoja.

Hata baadaye, siasa ilipobadilika, Chita ilibadilika nayo. Mwaka 1994 utaratibu wa lazima ulisitishwa, katika kipindi ambacho Serikali ilikuwa ikibana matumizi. Ulirejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita, ambao huitwa vijana wa mujibu wa sheria. Kila mkupuo wa vijana hupewa jina la operesheni, na majina hayo hufuata kalenda ya siasa: mwaka 2014, kwa mfano, palikuwa na Operesheni Miaka 50 ya Muungano. Na katika miaka ya hivi karibuni kikosi cha Chita, kinachojulikana kwa namba 837 KJ, kimepewa jukumu kubwa zaidi la kilimo cha mpunga cha umwagiliaji katika mipango ya uzalishaji ya JKT.

6.0 Reli ya Uhuru kama sera ya ulinzi

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru. Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini, ilijikuta mikononi mwa watawala iliowapinga. Reli ya kuiunganisha na bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imekataliwa na wafadhili wa Magharibi kwa hoja kwamba isingeleta faida. China ilikubali. Makubaliano yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ulianza Oktoba 1970, na reli ya kilomita 1,860 ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Mkopo ulikuwa yuani milioni 988 bila riba.

Kwa hesabu ya mfanyabiashara reli hiyo ilikuwa ya mashaka. Kwa hesabu ya siasa ya ukombozi ilikuwa silaha. Wapinzani wake waliielewa hivyo pia: Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli hiyo katika Mto Chambeshi, nchini Zambia. Reli haikuwa na mzinga hata mmoja, lakini ilishambuliwa kama ngome.

Katika bonde la Kilombero reli ilikuwa na maana ya ziada. Mang'ula palikuwa na karakana na kambi kubwa ya wajenzi. Kutoka Mlimba kupanda nyanda za juu kuelekea Makambako palikuwa mahali pagumu kuliko pote, penye mahandaki na madaraja mengi. Maelfu ya Wachina na makumi ya maelfu ya Waafrika walifanya kazi katika ujenzi huo. Katika kipindi hichohicho kulikuwa na kampeni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na katika bonde hili vijiji vingi viliwekwa kando ya reli. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009, ameonyesha namna watu wa ukanda huo walivyoigeuza reli kuwa yao kwa kuitumia kusafirisha mpunga, ndizi na bidhaa ndogondogo kutoka stesheni moja hadi nyingine.

Jambo hili lina pande mbili, nasi hatuna budi kuzitaja zote. Kwa upande mmoja, mkulima wa Mbingu au Chita alipata njia ya soko ambayo hakuwa nayo, hasa wakati wa masika barabara zinapogeuka matope. Kwa upande mwingine, hakuulizwa kama alitaka kuhama. Mzee aliyeacha miti yake ya matunda na makaburi ya jamaa zake akajenga upya kando ya reli alichangia ukombozi wa kusini mwa Afrika kwa namna ambayo haikuandikwa katika hesabu ya mkopo. Siasa ya ukombozi ilikuwa ya haki. Lakini gharama yake ndani ya nchi iligawanywa na wale waliokuwa na sauti, na waliobebeshwa sehemu kubwa walikuwa wanavijiji.

7.0 Mgambo: kutoka mbiu hadi kikosi

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika methali hii mgambo ni wito au tangazo la kuwakusanya watu wote, na mbiu ni pembe inayopulizwa ili wausikie. Kiswahili cha siasa kililichukua neno hilo na kulipa maana ya raia waliofunzwa silaha ambao huitwa inapobidi. Uhamisho huo wa maana haukuwa wa bahati nasibu. Ulidokeza kwamba ulinzi ni wito wa kijiji kizima, si ajira ya wachache.

Msukumo wa kuueneza mgambo ulikuja baada ya matukio mawili: Wareno kuivamia Guinea Novemba 1970, na mapinduzi ya Uganda Januari 1971. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliyatafsiri yote mawili kuwa somo moja: serikali ya kimapinduzi haiwezi kulindwa na jeshi la kambini peke yake, kwa sababu jeshi hilo laweza kushindwa au kununuliwa. Ni muhimu kutambua kwamba nusu ya somo hilo ilihusu jeshi lenyewe. Wananchi wenye mafunzo walikuwa ulinzi dhidi ya mvamizi, na pia kinga dhidi ya mapinduzi.

Mfumo huo ulijaribiwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera. Katika muda mfupi idadi ya wapiganaji ilizidi 100,000 kwa kujumlisha mgambo, JKT na polisi, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Hakuna shaka kwamba uvamizi ulikuwa tishio halisi la nje. Lakini uwezo wa kuwakusanya watu wengi kiasi hicho kwa haraka ulikuwa tunda la siasa za ndani za miaka 15 iliyotangulia. Uganda, yenye jeshi lililotengana na raia na kuwaogofya, haikuweza kufanya hivyo.

Tusidai, hata hivyo, kwamba ufungamano wa chama na jeshi uliondoa kila hatari. Mwaka 1970 palikuwa na kesi ya uhaini iliyowahusu wanasiasa na maofisa wa jeshi, na mwaka 1983 maofisa wengine walikamatwa kwa tuhuma za kupanga mapinduzi. Na vita vyenyewe viliacha uchumi ukiwa hoi, huku vijiji, Kilombero ikiwamo, vikikosa sabuni, mafuta ya taa na vipuri katika miaka ya mwanzo ya themanini.

8.0 Baada ya 1992: mwananchi ni nani sasa?

Tarehe 1 Julai 1992 mfumo wa vyama vingi ulianza rasmi. Msingi wa kisiasa uliolizaa JWTZ ukawa umeondoka. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa anayo haki ya kupiga kura. Matawi ya chama yaliondolewa makambini, na maofisa waliokuwa na nyadhifa za kisiasa walilazimika kuchagua. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Luteni Kanali, alistaafu jeshi mwaka huo na kubaki katika siasa. Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Rais. Kwa istilahi za Huntington, Tanzania ilihama kutoka njia ya pili kuelekea ya kwanza. Hapa pia hakuna adui wa nje aliyesababisha mabadiliko. Yalitoka katika mjadala wa ndani, ulioongozwa na Tume ya Jaji Francis Nyalali.

Je, mabadiliko hayo yamefika Ifakara? Kwa sehemu. Sheria imetenganisha jeshi na chama, lakini kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya bado huongozwa na mkuu wa wilaya, ambaye ni mteule wa Rais na si mtu aliyechaguliwa na wakazi. Mgambo bado wapo, lakini mwanakijiji wa leo huwafahamu zaidi kwa kazi za kusimamia ushuru, usafi na amri za halmashauri kuliko kwa ulinzi wa nchi. Neno lililomaanisha wito wa wote limeanza kumaanisha mkono wa ofisi.

Neno operesheni nalo limepita njia kama hiyo. Katika miaka ya sabini lilitumika kwa uhamishaji wa watu vijijini. Jeshini ni jina la mkupuo wa vijana. Mwishoni mwa mwaka 2012 lilirudi bondeni kwa sura nyingine, Serikali ilipoendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo katika ardhioevu ya Kilombero, eneo lililotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2002. Hifadhi ya maji na malisho ni suala zito, na wakulima wengi walikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu mazao yaliyoliwa na mifugo. Lakini mgogoro wa ardhi kati ya raia na raia unapopewa jina la kijeshi na kuendeshwa kwa mtindo wa kijeshi, raia wa upande mmoja hujikuta mahali pa adui. Hapo ndipo kivuli cha boma hurejea bila ya mtu kukusudia.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mataifa matatu yenye urithi mmoja wa kijeshi yalijibu maasi ya 1964 kwa njia tatu, kila moja kulingana na siasa zake. Tumeona pia kwamba Chita, reli na mgambo haviwezi kuelezwa kwa ramani ya mipaka peke yake. Bonde la Kilombero lina alama nyingi za ulinzi kwa sababu ndiko walikokuwako watu, ardhi na chakula ambavyo siasa za ndani zilivihitaji.

Mtazamo wa tishio la nje haufai kutupwa. Kagera inatosha kutukumbusha. Lakini tishio huuliza swali moja tu, yaani tujilinde au tusijilinde. Maswali mengine yote ni yetu: nani abebe bunduki, nani alishe, nani ahame, nani aulizwe. Katika kipindi cha chama kimoja maswali hayo yalijibiwa na chama kwa niaba ya wote. Katika mfumo wa sasa hayana budi kujibiwa katika Bunge, katika halmashauri na katika mikutano ya vijiji, kwa uwazi kadiri siri halali za ulinzi zinavyoruhusu.

Jina Jeshi la Wananchi ni ahadi iliyotolewa mwaka 1964 baada ya fedheha. Ahadi hiyo haitunzwi na jina. Hutunzwa kila mkulima wa Mbingu na mfugaji wa Ulanga wanapoweza kumtazama mwenye sare bila kukumbuka simulizi za bibi zao kuhusu Mahenge.